Sahihi Inayomruhusu Daktari Kukugusa

Kabla kijana aliyevaa koti jeupe hajakuchoma sindano, kuna mtu aliyekwisha kumtazama akimchoma mwingine, akanyamaza, akachukua kalamu na kutia sahihi kwenye kitabu ambacho wanafunzi wa udaktari hukiita logibuku. Wewe mgonjwa humfahamu mtu huyo. Jina lake halisomeki ukutani wala kwenye karatasi ya dawa uliyopewa. Chuoni anatambulika kwa cheo ambacho, nje ya geti la chuo, hakimwambii mtu kitu: mhadhiri mwandamizi.

Katika ngazi za vyuo vikuu vyetu cheo hicho kiko katikati. Chini yake wapo mhadhiri msaidizi na mhadhiri. Juu yake profesa mshiriki na profesa kamili. Ukiwa idara ya historia au ya sheria, mhadhiri mwandamizi ni mtu wa ukumbi, maktaba na ofisi iliyojaa mafaili. Kwenye udaktari, uuguzi, famasia na fani nyingine za afya, ukumbi ni sehemu ndogo tu. Kazi iko wodini, leba, kliniki, maabara na chumba cha upasuaji, mahali ambapo kosa la mwanafunzi haliishii kwenye karatasi ya mtihani.

Watu wengi hudhani kazi ya mwalimu huyu ni kumwaga maarifa. Sikubaliani. Kijana aliyefaulu fizikia, kemia na biolojia hadi akadahiliwa udaktari anaweza kujisomea mengi peke yake, na simu aliyonayo mfukoni ina vitabu vingi kuliko maktaba za zamani. Asichoweza kujifanyia ni kuamua kama yuko tayari kuaminiwa na mwili wa mtu mwingine. Hilo huamuliwa na mhadhiri. Ni uamuzi mzito, na kwa miaka mingi hakuna aliyemfundisha namna ya kuufanya. Mwajiri wake naye, inapofika siku ya kupandisha vyeo, hauhesabu.

Tazama raundi ya kufundishia katika hospitali yoyote kubwa ya rufaa. Wanafunzi wamekizunguka kitanda. Wa mbele wameshika daftari, wa nyuma wanachungulia juu ya mabega ya wenzao. Mmoja alipewa mgonjwa tangu jana, naye ndiye atakayeeleza. Mgonjwa alimsimulia kwa Kiswahili na kwa mpangilio wake mwenyewe: alianza na msiba wa dada yake, akaja kwenye shamba lililokosa mvua, ndipo akafika kwenye kifua. Mwanafunzi anaileta habari hiyo kwa Kiingereza na kwa mpangilio wa kitabu, kifua kikiwa mbele na msiba ukiwa umedondoka njiani. Mhadhiri mzoefu husikia kilichodondoka. Humgeukia mgonjwa, humwita mama, humsabahi upya, humuuliza habari za nyumbani. Muda si mrefu inajulikana kwamba dada huyo alikohoa miezi kadhaa kabla ya kufariki, na kwamba walikuwa wakilala chumba kimoja.

Wanafunzi wamepata somo la kifua kikuu. Wamepata na somo la kuuliza, ambalo ni gumu zaidi, kwa sababu haliingii kichwani kwa kukariri. Kijana wa miaka 22 anayemwendea mzee kitandani na kuanza na "unaumwa nini?" bila shikamoo hatapata historia ya ugonjwa. Atapata ndiyo na hapana, na macho yanayotazama dirishani. Nimewahi kumuuguza ndugu wa makamo aliyekuwa ameulizwa maswali yaleyale na vijana wanne kwa asubuhi moja. Wa tano alipokuja na kumwamkia vizuri, akavuta stuli na kukaa, alipewa maelezo ambayo hata sisi ndugu hatukuwa tunayajua.

Ufundishaji wa kando ya kitanda una umri mrefu. Anayetajwa zaidi ni William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Johns Hopkins huko Baltimore, ambako shule ya udaktari ilifunguliwa 1893. Yeye aliwatoa wanafunzi ukumbini akawapeleka kwa wagonjwa, na alipenda kusema kwamba hakuhitaji kukumbukwa kwa lingine ila kwamba aliwafundisha wanafunzi wodini. Huyu ni mtu aliyetoa 1892 kitabu cha tiba kilichotumiwa na vizazi vya madaktari. Angejaza fomu ya kupandishwa cheo katika chuo chochote cha leo, kitabu kingempatia alama. Wodi isingempatia kitu.

Kwetu, umati kuzunguka kitanda una historia yake. Kabla ya uhuru, Mtanganyika aliyetaka udaktari alielekea Makerere, ambako mafunzo hayo yalianza 1924. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa 1963 chini ya Wizara ya Afya, na 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu kishiriki kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hadi nusu ya pili ya miaka ya 1990, shule hiyo, iliyoko Muhimbili, ilikuwa mahali pekee nchini pa kusomea shahada ya udaktari. Ndipo vikaja vyuo vingine: Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam na chuo cha udaktari cha KCMC mjini Moshi, kisha Bugando mjini Mwanza mwaka 2003, halafu Dodoma, Mbeya, Zanzibar na kwingineko. Taifa lilihitaji madaktari, na uamuzi wa kupanua ulikuwa sahihi. Lakini majengo na udahili hupanuka upesi kuliko walimu. Daktari bingwa hupatikana baada ya miaka mitano ya shahada ya kwanza, mwaka mmoja wa utarajali, na miaka mingine mitatu au minne ya ubingwa, na huyo bado ni mhadhiri mchanga. Kumpata mwandamizi ni kungoja tena.

Kuna na suala la nani mwenye nyumba. Mwaka 1976 kitivo na hospitali ya Muhimbili viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili, aliyefundisha na aliyetibu wakawa chini ya paa moja. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kishiriki, na 2000 hospitali ikasimama peke yake kama Hospitali ya Taifa. Chuo chenyewe kikawa chuo kikuu kamili 2007. Kila hatua ilikuwa na hoja zake, lakini matokeo ni kwamba mhadhiri huajiriwa upande mmoja na kufanya kazi ya kila siku upande wa pili. Hospitali humtaka aone wagonjwa wengi na raundi iishe mapema, maana foleni ya kliniki imefika nje. Chuo humtaka asimame kando ya kitanda nusu saa ili mwanafunzi mmoja asikilize moyo mpaka ausikie. Hospitali ya Mloganzila, iliyozinduliwa 2017 katika kampasi mpya ya chuo, ilianza ikiwa chini ya chuo; mwaka uliofuata serikali ikaikabidhi kwa Hospitali ya Taifa. Mvutano wa nani aongoze hospitali ya kufundishia haupo Tanzania tu. Ni wa zamani, na utaendelea, kwa sababu pande zote mbili zina haki.

Turudi kwenye uamuzi wenyewe. Mhadhiri anajuaje kwamba mtu yuko tayari?

Zamani jibu lilikuwa kesi ndefu. Mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja, akakaa naye kama saa nzima, kisha akakabiliana na watahini. Ilikuwa na uzuri wake, maana ilifanana na kazi halisi. Ila bahati ilitawala. Aliyeangukia mzee mcheshi mwenye ini linaloshikika waziwazi alitoka akitabasamu. Aliyeangukia mgonjwa aliyechoshwa na wanafunzi, na mtahini aliyeamka vibaya, alirudia mwaka. Mwaka 1975, Ronald Harden wa Dundee, Scotland, na wenzake walieleza katika jarida la British Medical Journal njia nyingine: mtihani wa vituo. Mwanafunzi huingia kituo kimoja kwa dakika chache, hufanya jambo moja, kengele hulia, huhamia kinachofuata. Hapa apime shinikizo la damu, pale amweleze mama namna ya kumpa mtoto dawa, kule asome picha ya eksirei. Wote hukutana na maswali yaleyale, na mtahini ana orodha ya vitu vya kutazama. Njia hiyo ilienea dunia nzima. Wanafunzi wetu huiita oski, na wiki ya oski hawali vizuri.

Wagonjwa wa vituo hivyo wakati mwingine ni waigizaji. Wazo hilo ni la mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu huko Los Angeles, alimfundisha mtu mwenye afya kuigiza dalili ili wanafunzi wote wapimwe kwa mgonjwa mmoja. Walimcheka, wakasema ameleta mambo ya sinema. Barrows huyohuyo baadaye alikuwa McMaster, Kanada, chuo kilichoanza 1969 kufundisha udaktari kwa vikundi vidogo vinavyochambua tatizo la mgonjwa badala ya kusikiliza mihadhara siku nzima. Mtindo huo ulifika Afrika Mashariki pia. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliuchukua tangu kilipoanzisha mafunzo ya udaktari, kikauambatanisha na kuwapeleka wanafunzi vijijini kujifunza ndani ya jamii.

Oski imeleta haki, na nisingependa kesi ndefu irudi peke yake. Hata hivyo ina kasoro ambayo kila mhadhiri mkweli anaijua: mwanafunzi hujifunza kumfanyia mtahini onyesho. Atanawa mikono kwa madoido kwa sababu kunawa kuna alama. Swali ni kama atanawa saa tisa usiku, zamu ya pili mfululizo, mama wa nne akijifungua na maji ya bomba yakidondoka kwa tabu. Mmarekani George Miller aliligusa jambo hili 1990 alipopanga uwezo wa daktari katika ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, na anafanya kweli katika kazi yake. Mitihani mingi huishia ngazi ya tatu. Ya nne haionekani kwa kengele na vituo. Huonekana kwa mtu aliyemfuatilia mwanafunzi wiki kadhaa, akamkuta amekaa na mgonjwa baada ya raundi kuisha, au akamkuta ameandika kwenye faili mapigo ya moyo ambayo hakuyapima.

Hilo la mwisho ndilo linalowanyima wahadhiri usingizi. Mwanafunzi asiyejua hufundishika. Anayeandika namba za kubuni ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi ni kijana mpole, mwenye alama nzuri, anayependwa na kila mtu wodini.

Kwa nini basi wanafunzi wa namna hiyo hupita? Mwaka 2003 Kathleen Duffy wa Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian alitoa utafiti kuhusu wasimamizi wa wanafunzi wa uuguzi huko Scotland. Alikuta kwamba baadhi yao waliwapitisha wanafunzi waliowatilia shaka. Wengine waliona dosari mapema wakangoja ijirekebishe yenyewe. Walipoamua kusema, muda ulikuwa umekwisha na hawakuwa na maandishi ya kuonyesha. Wengine waliwaonea huruma. Wengine waliamini mwenzao wa wodi inayofuata atawakamata.

Anayefahamu vyuo vyetu atatambua kila kitu hapo, kisha ataongeza mengine. Siku barua ya udahili inapofika, mtaa mzima huanza kumwita kijana daktari, na mama yake hugeuka Mama Daktari kabla mwanawe hajagusa stetoskopu. Ukoo umechanga. Bumu la Bodi ya Mikopo limekwisha kuhesabiwa mpaka senti, na nusu yake hutumwa nyumbani kwa wadogo zake. Kupata sapu, yaani kurudia mtihani, ni aibu ya faragha; kurudia mwaka ni habari ya kijiji; kudisko, yaani kuondolewa chuoni, ni msiba. Mhadhiri anayeshika kalamu anayajua yote haya, kwa kuwa naye alitoka nyumba ya aina hiyo. Anajua pia kwamba mwanafunzi aliyefeli atakata rufaa, na rufaa itauliza: uliandika wapi? lini? ulimwambia? Kumpitisha hakuhitaji maelezo yoyote.

Kwa hiyo ustadi wa mwandamizi huonekana wiki ya pili, si wiki ya mwisho. Humwita mwanafunzi pembeni, mbali na wenzake na mbali na wauguzi, akamwambia jambo moja linaloshikika. Hamwambii "jitahidi", hilo halimsaidii mtu. Humwambia: leo umempa baba yule majibu ya saratani ukiwa umesimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, kesho nataka nikuone umekaa. Huandika tarehe. Kesho huenda kutazama. Akibadilika, vizuri. Asipobadilika, maandishi yapo, na hakuna atakayeshtuka mwisho wa mzunguko, hata mwanafunzi mwenyewe.

Wapo wanaojivunia shule ya zamani, ambako mwalimu alimfokea mwanafunzi mbele ya wodi nzima na, husema, "ndiyo maana tukawa imara". Nimewasikia wakisimulia kwa raha kabisa. Wanachosahau kusimulia ni mgonjwa aliyelala katikati ya fokafoka hiyo, akitazama mtu atakayemshika mchana akivuliwa nguo za heshima. Wala hawamtaji mwanafunzi aliyejifunza kwamba ukikosea, ufiche.

Sasa weka saa za kazi hii kwenye mizani ya mwajiri. Kutoka uandamizi kwenda profesa mshiriki, kinachotazamwa zaidi ni machapisho katika majarida ya kitaaluma. Baada ya raundi kuna kliniki, baada ya kliniki kuna tasnifu za marezidenti zinazongoja kusomwa, kikao cha idara, maswali ya mtihani ya kutunga, na pengine kliniki binafsi ya jioni, kwa sababu ada za watoto hazingoji cheo. Makala ya utafiti huandikwa usiku. Na kipi kitapunguzwa pale saa zinapokosekana? Nusu saa ya kitandani. Hakuna atakayeuliza ilikwenda wapi.

Haijawa giza tupu. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha mpango mkubwa wa kuimarisha elimu ya udaktari barani Afrika, ukagusa taasisi 13 katika nchi 12, KCMC ikiwamo. Muhimbili nayo, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, ilianza 2011 kutumia mitaala inayopima umahiri badala ya kuhesabu saa za mihadhara tu. Vyuo vilianza kuendesha warsha za namna ya kufundisha na kutahini, jambo ambalo kizazi cha kwanza cha wahadhiri wetu hakikuwahi kulipata. Wao walikabidhiwa chaki siku walipokabidhiwa ubingwa. Kutoka warsha hizo wametoka watu wanaojua kutunga kituo cha oski, kumtazama mwanafunzi kwa orodha na kumpa mrejesho. Lakini warsha huisha kwa cheti, na cheti nacho kina uzito mdogo sana mbele ya kamati ya vyeo.

Dawa si ngumu. Mwandamizi aombe cheo akiwa na jalada la ufundishaji: maandishi ya mrejesho aliowapa wanafunzi, majina yakiwa yamefichwa, mitihani aliyotunga, na ripoti za wenzake waliokwenda kumtazama akifundisha kando ya kitanda. Ripoti hizo ndizo za maana kuliko fomu za wanafunzi, ambao humpenda mwalimu anayewahi kuwaachia. Kwenda kumtazama mwenzako kunagharimu asubuhi moja na karatasi mbili.

Nilipomtajia wazo hili mezani profesa mmoja aliyekaa miaka katika kamati hizo, alitikisa kichwa. Watapeana alama kirafiki, alisema. Machapisho angalau hayana undugu. Hakuna aliyebisha pale mezani. Lakini yapo machapisho yenye waandishi kumi na wawili, na ukiwauliza waeleze jedwali la pili, mmoja tu ndiye atakayefungua mdomo.